Vibao Vilikuwa Vimerudi Vyote

Maneno yenyewe aliyasikia asubuhi, kabla hata hajanawa uso, kutoka kwa mwanamke anayefagia vyumba pale hotelini. Alisema ile nyumba ya kale ya mfanyabiashara wa nguo, kona ya pili kutoka hapa, ina tabia mbaya. Wanaoingia wanahesabiwa, wanaotoka wanahesabiwa, hesabu inakuwa sawasawa kabisa, na bado kuna mtu anabaki ndani. Aliyasema hayo huku akikunja shuka, kwa sauti ileile ambayo angekwambia bomba la bafuni linavuja, kisha akachukua ndoo yake akaenda chumba kinachofuata.

Mama Mikoba akabaki amesimama na mswaki mkononi.

Jina hilo alipewa na mdogo wake, kwa sababu hajawahi kuvuka kizingiti cha nyumba yake bila mikoba mitatu: mmoja wa vitu, wa pili wa vitu vya kusaidia vile vya kwanza, na wa tatu mtupu, maana huwezi kujua. Katika ile miwili ya kwanza kuna dawa, sweta, karatasi za kliniki, pini, uzi, vitambaa vya kufutia kamasi. Watu watano wakisafiri pamoja naye, tiketi tano zinakaa kwake. Akishika yeye hazipotei. Na kweli, tangu aolewe hakuna karatasi ya mtu yeyote iliyowahi kupotea mikononi mwake.

Kilichowaleta mjini ni kifua cha binti yake wa miaka saba. Pumu. Mtoto huyu nyumbani wanamwita Chiriku, kwa kuwa mdomo wake haukauki. Anaongea akila, anaongea akiogeshwa, akikosa mtu anaongea na kiatu. Mama yake hakuwahi kumwambia anyamaze. Alikuwa na sababu. Chiriku akinyamaza ghafla, Mama Mikoba huacha alichoshika na kwenda kumtegea sikio kifuani, na mara nyingi huukuta mluzi umeshaanza, mwembamba, kama wa birika kabla halijachemka. Mluzi huo angeutambua katikati ya soko.

Daktari alikuwa ameshampima, akasema majibu ni kesho. Basi walikuwa na siku nzima ya kukaa tu, katika hoteli ya vyumba vinane yenye kiti kimoja kizuri, na hicho kiti alikikalia mpokea wageni. Huyo mama wa mapokezi ndiye aliyewapa ramani, karatasi iliyotolewa kopi mpaka mitaa imeanza kufifia, yenye miduara ya kalamu: makumbusho ya posta, nyumba ya mfanyabiashara wa nguo, na nyumba nyingine mbili tatu za watu wa zamani. Akasema zote ni za kutembea kwa miguu, hata mtoto hachoki.

Mama mdogo wa Chiriku, aliyefuatana nao ili asaidie, alifurahi kama aliyefunguliwa kamba. Mama Mikoba akamvuta pembeni, akamweleza maneno ya mfagiaji. Mdogo wake akacheka meno yote nje.

"Dada, nyumba inayobaki na watu si ndiyo hoteli? Hata hapa tunalipa ili tubaki ndani."

Mama Mikoba naye akacheka, lakini kicheko hakikumfika tumboni. Angekataa, ila hakutaka kuonekana mshamba wa kuogopa nyumba. Akapanga mikoba yake, wakatoka.

Makumbusho ya posta yalikuwa kabla ya daraja dogo, chumba kirefu chenye harufu ya gundi. Kulikuwa na mizani ya kupimia barua, mihuri ya shaba, mifuko ya turubai, na sare ya tarishi iliyovalishwa mwanasesere asiye na kichwa. Tiketi tatu zikaingia mkoba wa kwanza. Chiriku aliuliza maswali mpaka mtunza makumbusho akaacha gazeti lake. Kilichomshika zaidi ni droo moja yenye kioo, imejaa barua ambazo hazikuwahi kufika zilikokuwa zinakwenda.

"Na waliokuwa wanasubiri wajibiwe," akauliza, "walisubiri mpaka lini?"

"Mpaka walipochoka," akasema mtunza makumbusho.

Chiriku akafikiri kidogo. "Mimi nisingechoka."

Watu wazima watatu wakacheka, kwa kuwa hakuna aliyejua alichokuwa anakisikia.

Walipofika nyumba ya mfanyabiashara wa nguo ilikuwa imepita saa nne na nusu. Ilikuwa nyumba ya ghorofa moja, kuta nene, madirisha membamba ya mbao, baraza mbele na ua ubavuni. Langoni palikuwa na gari dogo la mizigo, na mafundi wanne wakishusha mapipa, marobota ya nailoni na utepe wa gundi. Tangazo ukutani lilisema kuanzia saa sita nyumba inafungwa siku mbili, inafukizwa dawa ya mchwa. Mama Mikoba alilisoma mara mbili, akishika kila neno kwa kidole. Akamuuliza mlinzi kama si heri wakarudi siku nyingine. Mlinzi akasema muda bado upo, waingie, hao mafundi ni wa kupoteza saa nzima kwa kunywa chai.

Mlinzi alikuwa mzee mwenye kiti, na nyuma ya kiti palikuwa na ubao mkubwa wenye misumari. Kila msumari ulining'iniza kibao kidogo cha shaba chenye namba na uzi wa kuvaa shingoni. Unaingia, unapewa kibao. Unatoka, unakirudisha.

"Ubao ukijaa, nyumba iko tupu," mzee akaeleza. "Sina haja ya kupanda ngazi kuchungulia. Magoti yangu yalistaafu kabla yangu mimi."

Mama Mikoba alimpenda mzee yule papo hapo. Tangu aingie mji huu ndiye mtu wa kwanza aliyemwona anashika mambo kama yeye. Hofu ya asubuhi ikalegea kidogo. Akapokea kumi na moja, kumi na mbili na kumi na tatu, na kama kawaida yake, akavitia vyote mkoba wa kwanza. Chiriku alikitaka chake akivae.

"Utakipoteza."

"Kina uzi, mama."

"Uzi unakatika."

Sikiliza vizuri hapa, maana ndipo mambo yalipoanza kuharibika, na hakuna aliyesikia kitu chochote kikivunjika.

Ndani palikuwa baridi. Vitambaa vilivyofifia vilikunjwa kwenye rafu, cherehani za zamani zilipangwa mstari kama wanaosubiri daktari. Lakini kitu cha maana katika nyumba ile kilikuwa bomba la kuongelea. Tajiri yule hakupenda kupiga kelele. Alitia bomba la shaba ndani ya kuta, lenye midomo mitatu iliyopanuka kama tarumbeta: mmoja barazani kando ya mlango wa mbele, ili mgeni aseme shida yake kabla hajafunguliwa, mmoja jikoni, na mmoja juu, katika kijichumba chake cha kazi, chenye mlango mzito na dirisha la ukubwa wa sahani. Ukinong'ona jikoni, wa juu anakusikia kama umemlalia begani.

Kwa Chiriku hiyo ilikuwa sherehe. Ukuta unaoongea. Alipanda na kushuka ngazi mara nne, mpaka mama yake akaanza kuhesabu pumzi zake. Mwisho mama mdogo, ambaye alikuwa amechoka kupandishwa na kushushwa, akamwambia wacheze mchezo wa ofisi. Chiriku ni tajiri, anakaa juu. Mama mdogo ni karani, yuko jikoni.

"Panda ukaniite. Na usitoke hapo mpaka nikujibu, tajiri hashuki ngazi ovyo."

Chiriku akapanda. Mama mdogo akaingia jikoni, na kabla hajafikisha mdomo kwenye bomba, simu yake ikalia. Alikuwa shemeji yake, baba wa Chiriku, akitaka kujua daktari amesemaje. Mle ndani sauti ilikatikakatika, kwa sababu ya kuta zile. Akatoka kwa mlango wa jikoni kwenda uani, kidole kimoja sikioni, akieleza, akisema haloo haloo, akizunguka na kurudi. Maongezi yakawa marefu. Mchezo wa ofisi ukamtoka kichwani kama haukuwahi kuwepo.

Mama Mikoba naye alikuwa chumba cha mbele, anatazama makasha. Fundi mmoja akachungulia akasema muda umeisha, wanaanza kuziba. Akaita "Haya, twende," kuelekea jikoni, asijibiwe. Akatoka barazani. Kupitia uzio wa ua akaliona gauni la njano la mdogo wake, amempa mgongo, na pembeni yake chini kitu chekundu kikichezacheza. Chiriku alikuwa amevaa sweta jekundu. Moyo ukatulia. Wametangulia, akajisemea, wameshatoka hawa. Kile chekundu kilikuwa mfuko wa mafundi, upepo unaupeperusha.

Mlinzi akanyoosha kiganja. "Wote watatu?"

"Wote," akasema Mama Mikoba, na akamwekea vibao vitatu mkononi.

Mzee akavitundika. Misumari ikajaa. Akamgeukia mkuu wa mafundi akamwambia nyumba iko tupu, aendelee na kazi.

Mama Mikoba aliwahi hotelini, kwa kuwa dawa ya mchana ya Chiriku ni saa sita na nusu na chupa ilikuwa chumbani. Akaweka mikoba kitandani. Akaitikisa chupa, akatoa kijiko, akakifuta. Alikuwa bado anakifuta mdogo wake alipoingia, anahema kwa joto, amekumbatia chupa tatu za maji.

"Mmenikimbia nyie," akasema, "nimemaliza simu nikakuta mlango unazibwa, nikapita dukani, nikajua mna kiu. Chiriku yuko wapi, bafuni?"

Mama Mikoba akatazama chupa za maji. Tatu. Akamtazama mdogo wake, kisha mlango nyuma yake.

"Si yuko na wewe?"

"Na mimi? Dada, si mmetoka naye?"

Hakuna aliyepiga kelele. Mama mdogo akaanza kusema kitu kuhusu simu, kuhusu bomba, na katikati ya sentensi akaziachia zile chupa. "Nilimwambia asitoke," akasema. "Nilimwambia asitoke mpaka nimjibu."

Mama Mikoba aliteremka ngazi za hoteli bila viatu. Kwa mara ya kwanza katika utu uzima wake alivuka kizingiti bila mkoba hata mmoja. Alichokuwa nacho mkononi ni kile kijiko. Mfagiaji wa vyumba alikuwa ngazini na ufagio wake. Akajibana ukutani kuwapisha, na akawatazama mpaka wakapotea mlangoni.

Kona ya pili si mbali. Siku ile ilikuwa mbali. Walipofika, nyumba ilikuwa imefungwa kama mzigo wa kusafirishwa: utepe kwenye kila dirisha, nailoni imefunika mlango wa mbele kutoka juu hadi chini, hata mdomo wa bomba barazani umezibwa. Mkuu wa mafundi alikuwa amekaa kwenye pipa, barakoa yake imepandishwa kwenye paji la uso. Mlinzi yuko kwenye kiti chake.

"Mtoto wangu yuko ndani," akasema Mama Mikoba.

Mzee akageuka akautazama ubao, taratibu, msumari kwa msumari. "Mama, vibao vimerudi vyote."

"Nilirudisha mimi. Vyote nilirudisha mimi."

"Kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu. Hivi hapa. Hesabu yangu haijawahi kukosa."

Hapo maneno ya asubuhi yakamrudia mzimamzima, na safari hii aliyaelewa. Nyumba haikuwa na tabia mbaya yoyote. Mlinzi alikuwa anahesabu shaba.

Mkuu wa mafundi akasimama. Akasema dawa ya moshi wameshaiwasha jikoni, ina robo saa sasa. Wakifungua inaharibika yote, na hawezi kufungua bila ruhusa ya ofisi iliyomtuma, huenda mtoto amezurura tu mtaani kama watoto walivyo. Lakini huku akisema hivyo alikuwa anamtazama mlinzi. Akamuuliza kama alipita vyumbani kabla ya kumpa ruhusa. Mzee akautazama tena ubao. Aliweka mikono juu ya magoti yake.

Mama Mikoba hakusubiri ruhusa ya mtu. Akapanda barazani, akaichana nailoni kando ya mlango kwa ncha ya kijiko, akakifikia kile kinywa cha shaba. Akaweka mdomo.

"Chiriku."

Akausogeza mdomo zaidi.

"Chiriku, mama hapa."

Akageuza kichwa akaweka sikio. Mwanzo alisikia sauti ya nyumba tu, ule mvumo wa kitu kitupu. Halafu chini ya mvumo, mwembamba, ukipanda na kukatika, ukipanda na kukatika, akausikia mluzi.

Hakutoa sikio. Akampungia mkono mkuu wa mafundi. "Njoo usikilize mwenyewe," akasema. Yule bwana akainama. Alisikiliza kwa muda wa pumzi mbili, halafu akaishusha barakoa usoni, akaanza kubomoa nailoni mlangoni.

Bomba likatoa sauti. Ilikuwa ndogo, imekauka, maneno yakitoka moja moja.

"Mama mdogo? Sasa nitoke?"

Hapo ndipo Mama Mikoba alipopewa mzigo ambao hadi leo haujamtoka begani. Ngazi zilishuka hadi mlango wa jikoni, na moshi ulikuwa huko. Ilimbidi amwambie mtoto wake, kwa mdomo wake mwenyewe, akae humohumo.

"Bado usitoke," akasema. "Ziba pua na sweta. Kaa kwenye kidirisha. Ni mama anakujibu, unanisikia? Mama anakujibu."

Aliendelea kujibu, hata pale ambapo hakuna aliyeuliza. Nyuma yake mdogo wake alikuwa amekaa chini barabarani, mikono kichwani, akikumbuka wakati huo tu kwamba pampu ya pumu iko kwenye mkoba na mikoba iko hotelini. Akainuka ili akimbie. Hakufika mbali. Mfagiaji wa vyumba alikuwa anakuja mbiombio katikati ya barabara, amejitwika mikoba yote mitatu.

Chiriku alitolewa amebebwa begani kama gunia, midomo imekuwa ya rangi ya kijivu, macho wazi. Hakulia. Mama yake akampulizia pampu mara moja, mara mbili, mpaka mara ya nne, akihesabu kwa sauti. Waliompeleka hospitali ni mafundi wenyewe, kwa lile gari lao la mapipa.

Alipona. Tuseme hivyo kwanza, ili anayesoma apumue. Majibu yaliyokuwa ya kesho yakangoja, akalazwa siku nne na mrija puani. Siku ya pili mfagiaji alikuja kumwona baada ya kazi. Akasema siku za nyuma kulikuwa na mzee mmoja aliyekuja kutazama nyumba ile na mwanawe, na mwana, kwa heshima, akamshikia baba yake kibao, akarudisha vyote viwili. Ilikuwa mkesha wa sikukuu, nyumba ikafungwa siku mbili. Kisha akaanza kunyoosha shuka ya Chiriku ingawa ilikuwa imenyooka. Mama Mikoba hakumuuliza yule mzee alikutwa vipi.

Siku waliyotoka hospitali, Chiriku alikuwa hajasema maneno kumi tangu asubuhi. Mama yake alimtegea sikio kifuani mara tatu. Kifua kilikuwa shwari. Wakiwa wanafunga mizigo, mtoto akainua uso.

"Mama mdogo, mbona hukunijibu?"

Aliuliza bila hasira, kama alivyouliza kule posta. Mama mdogo alikunja gauni lile la njano, akalikunjua, akalikunja tena.

Wakiwa njiani kwenda stendi walipita kona ya pili. Nyumba ilikuwa imefunguliwa. Mzee yuko kwenye kiti, misumari nyuma yake, na mbele yake baba mmoja aliyekuja na familia alikuwa anakusanya vibao vinne kutoka kwa wanawe, anavitia mfukoni mwa shati, visipotee. Mama Mikoba alimfuata akamshika mkono. Yule baba alimsikiliza kwa adabu, akatabasamu, akasema asante mama, na vibao vikabaki mfukoni.

Akarudi hotelini, mikoba yote mitatu begani. Akaomba kalamu kwa mama wa mapokezi, akaandika nyuma ya ile ramani, na mama wa mapokezi akakubali ibandikwe ukutani pale mapokezi, upande wa miduara ukiwa umegeukia ukutani. Iliandikwa hivi:

Usimshikie mtoto kibao chake. Akivae mwenyewe, kikipotea kipotee.

Usimshikie mzee pia.

Usirudishe kibao cha mtu ambaye hujamshika mkono.

Usiseme "wote" ukiwa umeona nguo.

Usimwambie mtoto asitoke mahali mpaka umjibu. Ukishamwambia, usipokee simu.

Usiingie nyumba inayofungwa siku hiyohiyo, hata wakikwambia muda bado upo.

Usimwamini mlinzi asiyepanda ngazi.

Usiache dawa ya mtoto chumbani.

Chumba cha juu chenye mlango mzito, usimwache mtoto aingie peke yake.

Mtoto anayeongea sana akinyamaza, usiendelee na unachofanya.